Mikono Mingi Juu ya Mashua Moja



Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.) aliuawa mtu huko San'aa, Yemen, na waliomuua hawakuwa mmoja. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba walikuwa watano au saba, na Imam Bukhari naye ameitaja kadhia hiyo katika Kitabu cha Diya. Umar aliwahukumu wote kisasi. Akasema kwamba lau watu wote wa San'aa wangeshirikiana katika damu ile, angewahukumu wote.

Hukumu hii inaigusa hoja kongwe ambayo mwanadamu huikimbilia kila anapokosa akiwa ndani ya kundi: "Sikuwa peke yangu." Mtu mmoja akiiba tunamwita mwizi. Watu mia wakiiba tunasema palikuwa na fujo, na fujo haina jina wala haina mlango wa kubisha hodi. Nataka kuipima hoja hiyo kwa fikihi yetu, na nitaipima kwa kadhia ninayoijua kuliko nyingine, ya Wabajuni wa Kismayo na visiwa vyake, kwa sababu mimi ni mmoja wao, ingawa nimezaliwa Mombasa.

Kwa asiyeijua pwani hiyo: kuanzia Kismayo kuteremka kusini hadi Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya, kuna mlolongo wa visiwa vidogo vilivyoambaa na bara, Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo. Wenyeji husema Kibajuni, lahaja ya Kiswahili; ni Waislamu wa madhehebu ya Imam Shafi'i, na riziki yao ni bahari. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, Kismayo iligombewa na wanamgambo, ikawa inatoka mkono huu kuingia mkono ule. Wabajuni hawakuwa na jeshi, wala hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwasemea. Nyumba zao na mashua zao zilichukuliwa, na watu wengi walikimbia kuja Kenya. Baadhi yao waliishi miaka katika kambi ya Jomvu, Mombasa. Mwaka 2000 ujumbe wa pamoja wa Uingereza, Denmark na Uholanzi ulifika Nairobi kuuliza hali za jamii ndogo za Somalia. Wazee wa Kibajuni wakaueleza kuwa waliobaki kule walikuwa wakiwafanyia kazi wale waliowatawala kwa silaha. Maana yake, mvuvi amekuwa kibarua katika bahari yake mwenyewe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na mashua moja. Waliokuja kuichukua walikuwa kundi, na mjomba anasema sura aliyoitambua ni moja tu. Baadaye ilionekana ikivua kamba, imepakwa rangi nyingine. Ikauzwa, na aliyeinunua akaiuza tena. Nikimuuliza mjomba habari zake, hufunga mazungumzo kwa maneno mawili: "Utamdai nani?"

Swali lake ni zito kuliko linavyosikika, na mimi nimeona nilijibu kwa kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi. Sababu yangu si kwamba ndicho tunachosoma darasani. Ndicho walichokisoma pia mashekhe wa pwani ile, na waliochukua mashua nao ni Waislamu wa madhehebu hayo hayo. Hawawezi kusema wanahukumiwa kwa sheria ya wageni.

Tuanze na uhai, kwa kuwa ndiko wanazuoni walikoanza. Wengi wao, pamoja na maimamu wanne katika kauli zao mashuhuri, wameifuata hukumu ya Umar: kundi likishirikiana kuua, kila mmoja anastahiki kisasi kana kwamba aliua peke yake. Wapo waliopinga, wakasema kisasi maana yake ni usawa na nafsi saba haziwi sawa na nafsi moja. Jawabu la jumhuri ni jepesi kulielewa. Kama kushirikiana kungeondoa kisasi, basi kila anayetaka kuua angetafuta mwenziwe kwanza, na ushirika katika dhambi ungekuwa kinga ya dhambi.

Lakini tazama kinachotokea walii wa damu akisamehe na kutaka diya. Hapo hawalipi diya saba. Wote kwa pamoja hulipa diya moja, ikagawanywa kwa vichwa. Kwa vichwa, si kwa majeraha: aliyemjeruhi marehemu jeraha moja na aliyemjeruhi majeraha mia hulipa sawasawa, ikiwa mtu amekufa kwa yote. Kwa haraka hili huonekana dhuluma. Ukilitafakari unaona lina busara yake. Jeraha moja laweza kuua na mia yasiue, na hakuna kadhi anayeona ndani ya mwili ni lipi lililoitoa roho. Basi sharia haikumpa yeyote nafasi ya kusema, "Langu lilikuwa dogo."

Kuna kadhia nyingine ya Yemen, ya Sayyidna Ali (r.a.), ambayo Imam Ahmad ameipokea katika Musnad. Isnadi yake ina maneno, kwa hivyo siichukui kuwa hoja ya kukata. Naichukua kama tulivyozoea kuchukua mifano. Watu walichimba shimo la kumnasa simba, wakasongamana ukingoni kumtazama. Mmoja akateleza, akamshika wa pili, wa pili akamshika wa tatu, wa tatu akamshika wa nne, wote wakaangukia kwa simba wakafa. Kabila zao zikataka kupigana. Ali akahukumu: wa kwanza apewe robo ya diya, wa pili thuluthi, wa tatu nusu, na wa nne diya kamili, kwa sababu wa nne hakumvuta mtu. Walioamriwa kulipa ni wale waliokuwa shimoni pale, waliosongamana. Kinachonivutia ni hicho cha mwisho. Hakuna katika umati ule aliyemsukuma mtu kwa kukusudia. Kila mmoja alikuwa amesimama tu. Na bado umati ule haukuambiwa "ni ajali, nendeni nyumbani."

Sasa tuje kwenye mali, ambako ndiko iliko mashua ya babu, na ambako fikihi yetu ni kali kwa namna nyingine kabisa.

Msingi wa mlango wa ghasb, yaani kuchukua mali ya mtu kwa nguvu, ni hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba mkono unabeba ulichokichukua mpaka ukirudishe. Neno ni mkono, na Imam Nawawi amelishika neno hilo. Anaeleza kuwa mikono yote iliyofuatana juu ya mali baada ya mkono wa mnyang'anyi ni mikono ya dhamana, hata kama mwenye mkono hakujua kuwa mali ni ya ghasb. Kwa hivyo mlolongo wa wanunuzi haulisafishi deni. Kila anayeipokea mashua anaingia ndani ya deni, na aliyetoka hatoki. Mwenye mali ana haki ya kumdai yeyote kati yao, wa kwanza au wa tano, na amdai yote.

Basi mjomba akiuliza, "Utamdai nani?" jawabu la Minhaj ni: yeyote umtakaye katika walioishika.

Wao kwa wao watarudiana baadaye, na hapo ndipo kujua na kutojua kunapokuwa na uzito. Aliyeipokea akijua ni ya kunyang'anywa, naye ni kama mnyang'anyi, na ikiharibika mikononi mwake mzigo wa mwisho ni wake. Asiyejua huangaliwa mkono wake ulikuwa wa aina gani. Kama aliazima kwa matumizi yake, mzigo unamkalia, kwa kuwa mwazima asili yake hubeba dhamana. Kama aliwekewa amana tu, atakachotozwa atarudi kumdai mnyang'anyi. Mnunuzi aliyedanganywa naye atamfuata aliyemuuzia arudishiwe bei yake. Lakini haya yote ni mambo yao. Mwenye mali hasubiri wamalize kugombana ndipo apate haki yake. Naona hapa pana huruma kubwa kwa aliyedhulumiwa: sharia imeuondoa juu yake mzigo wa kuchambua nani alifanya nini, ikawatwika wao wachambuane.

Na si mashua peke yake. Kwa madhehebu yetu mnyang'anyi hudaiwa pia ujira wa mfano, yaani kodi ambayo chombo kama kile kingekodishwa, kwa muda wote alioushika, hata kama alikifunga ufukweni asikitumie. Nimewahi kukaa na kalamu nikajaribu hesabu ya mashua moja kwa miaka michache tu, kwa kodi ya chini kabisa. Niliiacha njiani. Nyumba ndiyo usiseme, maana ardhi ina onyo lake maalumu kutoka kwa Mtume (s.a.w.), kwamba anayedhulumu japo shubiri moja atavishwa shingoni ardhi saba.

Ndugu yangu mmoja wa darasani, Msomali wa Garissa na mtu ninayeiheshimu elimu yake, alinipa pingamizi ambalo siwezi kuliruka. Alisema: ilipotokea fitina baina ya Masahaba, hawakudaiana damu wala mali zilizoharibika. Ni kweli. Imam Zuhri amepokelewa akisema kuwa Masahaba waliobakia wakati ule walikubaliana kutofuatilia yaliyohalalishwa kwa tafsiri ya Qur'ani. Lengo ni amani. Vita vikiisha, ukianza kuhesabu kila mshale, vita vinaanza upya. Na Nawawi mwenyewe anasema kilichoharibiwa katika mapigano baina ya waasi na watu wa serikali hakina dhamana. Akaniuliza, "Kwa nini mlango huo uwe wazi kwa Masahaba na ufungwe kwa Wasomali?"

Mlango uko wazi, ila ni mwembamba kuliko alivyoufungua. Kwanza, pokezi hiyo hiyo ya Zuhri ina mvuo wake: mali ikikutwa yenyewe ingalipo, hurudishwa kwa mwenyewe. Nyumba za Kismayo zingalipo. Mitaa haikuyeyuka. Pili, Nawawi amefunga sharti, kwamba kilichoharibiwa nje ya mapigano kina dhamana. Mvuvi wa Koyama hakuwa katika mapigano. Hakuwa upande wa jenerali huyu wala wa kanali yule. Alichukuliwa mashua yake kwa sababu hakuwa na bunduki, na huo si uwanja wa vita. Tatu, tafsiri ya Qur'ani iliyokuwapo baina ya Masahaba ilikuwa ijtihadi juu ya damu ya Khalifa Uthman (r.a.). Sijasikia mpaka leo ni aya gani iliyofasiriwa hata ikahalalisha mashine ya mashua.

Tulibishana mpaka adhana ya Magharibi. Alikubali la kwanza na la pili. La tatu alisema nina kejeli, na pengine ana haki.

Kisha lipo jambo la ukoo. Kwa Wasomali diya huitwa mag, na hulipwa na kundi la ukoo kwa mujibu wa xeer, sheria yao ya kimila. Wengi hudhani huo ndio mfumo wa aqila wa Kiislamu. Vinafanana sura tu. Katika fikihi aqila hubeba diya ya kuua kwa makosa, na ile iliyofanana na kukusudia. Aliyeua kwa makusudi hubeba mwenyewe kutoka mali yake, na mali iliyoharibiwa au kunyang'anywa haibebwi na aqila hata kidogo. Kwa nini? Ukinisaidia mimi ndugu yako nilipokosa bila kukusudia, umenihurumia. Ukinilipia nilichokusudia, umeninunulia ruhusa ya kurudia.

Kimila, kundi kubwa hulipa na kundi kubwa hulipwa. Asiye na kundi hana wa kumlipia wala wa kumdaia. Hapo ndipo Mbajuni alipopotelea. Hivyo kuna njia mbili za mtu kujificha ndani ya wengi: kusema "fujo ndiyo iliyofanya, si mimi," na kusema "ukoo ndio utakaojibu, si mimi." Sharia imezifunga zote mbili, kwa kuwa Allah (s.w.) ametuambia katika Suratul-An'am kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Na hii inakwenda pande zote mbili. Sina haki ya kumchukia kijana wa ukoo fulani aliyezaliwa 2003 kwa sababu ya mashua iliyochukuliwa kabla hajazaliwa. Ila kama mashua hiyo, au nyumba, iko mikononi mwake, hapo mkono wake umeingia, na simdai kwa ukoo wake, namdai kwa alichokishika.

Nakiri fikihi hii ya mikono ina mwisho wake, na Kismayo yenyewe inauonyesha. Kuna madhara yasiyo na mwenye mali mmoja. Mfano ni makaa. Kwa miaka migunga ya bara ya Kismayo imekatwa ikachomwa makaa, yakasafirishwa kwenda nchi za Ghuba. Tarehe 22 Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2036, lilipiga marufuku makaa kutoka Somalia, kwa kuwa al-Shabaab walikuwa wakifaidika nayo. Mwaka huo huo mji ukatoka mikononi mwao, na wafuatiliaji wa Umoja wa Mataifa wakaripoti mwaka uliofuata kuwa biashara haikusita. Mkataji anasema ana njaa, mwenye lori anasema yeye hubeba tu, mtoza ushuru anasema kila mtawala alitoza, nahodha anasema shehena haikuwa yake. Na mvutaji wa shisha aliye mbali hasemi kitu, anapuliza tu. (Wavutaji wa shisha wa hapa chuoni nimewaacha kwa leo.)

Wanazuoni wetu walijadili jahazi lililopakiwa mizigo tisa likastahimili, akaja mtu akatia wa kumi kwa uadui, likazama. Alipe lote, kwa kuwa yeye ndiye aliyelizamisha? Nusu? Au sehemu moja katika kumi? Kauli zimepishana. Katika makaa kila gunia ni mzigo wa kumi, na kila mwenye gunia anakuonyesha yale tisa. Na ukimpata wa kulipa, umlipe nani? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa malisho ni ya watu kwa ushirika. Mfugaji wa Juba ana haki pale, lakini hana hati ya mgunga mmoja. Hapa naona dhamana ya kadhi haifiki, panabaki mamlaka ya kiongozi kuzuia kabla jahazi halijazama, na Kismayo kwa muda mrefu kiongozi amekuwa mmoja wa wenye magunia.

Mashua haina utata huo. Ina mwenyewe. Na haki kwa madhehebu yetu haifi kwa kukaa sana. Mwenye mali akifa, dai linarithiwa kama mali nyingine. Babu alifariki akiwa mkimbizi, akaacha mke, wanaume wawili na wanawake watatu. Mke ana thumuni, na saba zilizobaki zinagawika sawasawa: kila mwanamume mbili, kila mwanamke moja. Mafungu manane kamili bila ya mvunjiko. Bibi naye amefariki, kwa hivyo fungu lake limegawika tena, na mama ana fungu lake na kipande cha la bibi. Ukiwahesabu wajukuu wanaosubiri nyuma yao, wadai wa mashua ile sasa tunakaribia kuwa wengi kama walioishika.

Kinachokufa ni ushahidi. Dai la mali linahitaji mashahidi wawili wanaume, au mwanamume na wanawake wawili, au shahidi mmoja na kiapo cha mdai. Wanaoijua mashua ya babu kabla haijapakwa rangi upya hawazidi wanne, na wote ni watu wazima sana. Kwa hivyo nimeanza daftari: urefu wa chombo, aliyekiunda, rangi yake ya kwanza, siku kilipochukuliwa, sura iliyotambuliwa, na kila mkono uliosikika baada ya hapo. Nawaomba Wabajuni wenzangu waliomo chuoni wafanye hivyo kwa wazee wao, nyumba kwa nyumba na chombo kwa chombo, na kila shahidi aandike kwa mkono wake au atie dole gumba mbele ya watu wawili. Mjomba amekwisha kunieleza yake, kwa kunung'unika. Wa pili yuko Lamu, na in shaa Allah nitamfuata likizo ya Desemba.